Wosia na trasti ya familia Kenya: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya ni maswali yanayorudi kila familia ikianza kuongea mambo ya mirathi, mengine yanaulizwa na wazee wenyewe na mengi yanaulizwa na watoto wao kwa sauti ya chini. Sheria inayoongelewa hapa ni ya Kenya, hasa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kuna kitu kimoja utakiona kikijirudia: kabla hujauliza "nimwachie nani", uliza "hati ya hii mali inasoma jina la nani", juu vita vingi vinaanzia hapo.

## Mambo ya msingi

Wosia ni nini na trasti ni nini, tofauti iko wapi?

Wosia ni maneno yako kuhusu mali yako, na yanaanza kufanya kazi siku ukifa. Mpaka hiyo siku mali ni yako, unaeza kuuza, unaeza kubadilisha, unaeza hata kuchana wosia wenyewe na hakuna mtu atakuuliza. Trasti ni mpango ambapo mali inatoka kwa jina lako inaingia kwa wadhamini, nao wanaishika kwa faida ya watu uliowataja na kwa masharti uliyoyaandika kwenye hati ya trasti. Inaeza kuanza ukiwa hai, ama uiandike ndani ya wosia ianze ukishafariki.

Tofauti ambayo familia inahisi ni hii: mali ya wosia lazima ipitie kortini kwanza ndio igawanywe, lakini mali iliyoingia kwa trasti ukiwa hai haipitii huko manake si ya marehemu tena. Hiyo ndio faida yake na ndio uzito wake pia, kwa sababu kile umeshakitoa kwa jina lako si rahisi kukirudisha, labda hati yenyewe iwe imekuachia hiyo nafasi.

Mimi niko na ploti moja na pesa kidogo za sacco, kwani nahitaji haya yote?

Trasti pengine hapana, wosia ndio. Watu husema haya ni mambo ya matajiri lakini ploti moja kwa watoto sita ndio ngumu kugawanya kuliko mashamba kumi, na mwenye ploti moja ndio familia yake haina pesa za kukaa na mawakili miaka mingi. Hizo pesa za sacco nazo zina njia yake tofauti, soma swali la fomu za sacco na pensheni huko chini.

Si kuandika wosia ni kujiitia kifo?

Hii inaulizwa sana na haifai kuchekelewa, mzee akihisi watoto wanamhesabia siku atanyamaza na hatafungua hiyo mada tena. Lakini wazee wengi kitambo walikuwa wanaita watoto na majirani, wanatembea nao shambani wanaonyesha mipaka, huyu hapa na yule pale, wakiwa na nguvu zao. Wosia wa kuandika unafanya kazi hiyo hiyo kwa namna ambayo korti inaeza kuisoma.

Kama wewe ndio mtoto na unataka kuanza hayo mazungumzo, usianze na "baba ukitutoka". Anza na hati. "Baba, hati ya shamba iko wapi, na inasoma jina gani?" Hilo ni swali la kazi, mzee analijibu bila kukasirika, na mara nyingi jibu lenyewe ndio linamfanya aone kuna kitu kinafaa kurekebishwa.

Nisipoandika chochote nani anapata nini?

Kama umeacha mke ama mume mmoja na watoto, mwenzako anapata vyombo vya nyumbani na vitu vya kibinafsi moja kwa moja, halafu mali iliyobaki anaitumia maisha yake yote lakini si yake ya kuuza atakavyo. Kuuza shamba au nyumba katika hiyo hali kunahitaji ruhusa ya korti. Akifariki, mali inagawanywa kwa watoto sawa kwa sawa.

Sawa kwa sawa ni pamoja na mabinti, walioolewa na wasioolewa. Bado kuna watu wanasema msichana atapata kwa bwana yake, na hilo halina nguvu kortini. Sheria yenyewe inasema "watoto", haisemi wavulana, Mahakama ya Rufaa ilishughulikia jambo hilo kwa kesi ya Rono mwaka 2005, na Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu. Kama mna wake wawili au zaidi kwa boma, hesabu inabadilika, angalia swali lake huko mwisho.

## Kuandika wosia

Lazima niende kwa wakili?

Sheria hailazimishi. Unaeza kuandika mwenyewe, kwa mkono, kwa Kiswahili au kwa lugha yenu ya nyumbani, na ukifuata masharti ya sahihi na mashahidi huo ni wosia kamili. Unatakiwa tu uwe umefikisha miaka 18 na una akili timamu, na mwanamke awe ameolewa au hajaolewa ana uwezo ule ule wa kuandika.

Wakili ana faida yake pale mambo yamechanganyika, kama kuna biashara ya ushirika, kuna watoto wa nje, kuna mali nchi mbili, ama mzee ni mgonjwa na unajua kuna mtu atakuja kusema alishikwa mkono. Kwa hiyo ya mwisho, barua ya daktari ya wiki ile ile inasaidia sana. Sheria inachukulia mtu ana akili timamu mpaka anayepinga athibitishe vingine, lakini ni heri ushahidi uwepo mapema.

Mashahidi ni wangapi na nani hafai?

Wawili au zaidi, watu wazima wenye akili timamu, na kila mmoja awe amekuona ukiweka sahihi au umemwambia mwenyewe kwamba ile sahihi ni yako. Si lazima wote wawe chumba kimoja wakati mmoja, lakini nakushauri wawe pamoja tu, inapunguza maswali baadaye.

Sasa hapa ndio watu wanaumia. Ukimwachia shahidi kitu kwa wosia huo huo, ile zawadi yake inaanguka, na inaanguka pia kama anayeachiwa ni mke au mume wa shahidi, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili huru juu ya hapo. Kwa hivyo ukimwita mkaza mwana aweke sahihi kwa sababu ndio aliyekuwa karibu kwa nyumba, unaeza kuwa umemnyima mtoto wako urithi bila kujua. Ita jirani, ita mzee wa kanisa au msikiti, ita mtu ambaye hana lake kwenye karatasi. Msimamizi wa wosia yeye anaruhusiwa kuwa shahidi.

Baba alisema kwa mdomo tukiwa hospitali, na mwingine alimrekodi kwa simu. Inahesabika?

Wosia wa mdomo unakubalika kama ulisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi NA mzee akafariki ndani ya miezi 3 tangu aliposema. Akiishi zaidi ya hapo yale maneno yanakosa nguvu ya wosia. Wanajeshi walio kwenye huduma wana nafuu kwa huo muda, lakini raia wa kawaida ni miezi 3.

Rekodi ya simu peke yake si wosia wa kuandika, haina sahihi na haina mashahidi. Inaeza kusaidia kama ushahidi kwamba maneno yalisemwa, basi. Kama mzee anaweza kuongea mbele ya simu kwa dakika kumi, anaweza kuweka sahihi au alama ya kidole kwa karatasi mbele ya watu wawili, alama inakubalika.

Msimamizi wa wosia nimchague nani?

Mtu anayejua kuandika hesabu na anayeweza kuambiwa hapana na ndugu zako bila kukosana na dunia nzima. Si lazima awe kifungua mimba. Familia nyingi zinamchagua mtoto wa kwanza kwa heshima, halafu huyo mtoto yuko mbali, ana shida zake za pesa, na ndiye anashika makaratasi yote. Ukiweka wawili ni bora zaidi, na mmoja anaeza kuwa mtu wa nje kama rafiki wa familia. Korti haitoi granti, yaani kibali cha kusimamia mali ya marehemu, kwa zaidi ya watu wanne kwa mali moja, kwa hivyo usiandike majina saba ili kumridhisha kila mtu. Na muulize kwanza, juu anaweza kukataa.

Naeza kumnyima mtoto au mke kabisa?

Una uhuru wa kuandika unavyotaka, lakini uhuru huo una mpaka. Mke, wake au mume wako, na watoto wako wote wawe ulikuwa unawalisha au la, wanaweza kuiomba korti iwapatie sehemu ya kutosha kama wosia umewaacha. Wazazi, wajukuu, ndugu na watoto uliowakuta kwa ndoa pia wanaweza, ila wao lazima waonyeshe ulikuwa unawatunza mpaka karibu na kufa. Ombi lenyewe liende kabla granti haijathibitishwa, ukichelewa mlango umefungwa.

Korti inaangalia mambo mengi: mali ni kiasi gani, huyo mtu ana uwezo gani, ulimpa nini ukiwa hai, na kwa nini ulimwacha. Kwa hivyo kama ulimsomesha mmoja mpaka ng'ambo na ukamjengea, na sasa unataka shamba liende kwa wale wengine, andika sababu hiyo ndani ya wosia kwa maneno ya kawaida. Mtoto wa nje usimfiche. Atakuja matangani, atakuja na cheti cha kuzaliwa au aombe DNA, na familia itajua mbele ya watu kitu ambacho ungewaambia mwenyewe ukiwa hai.

Nikibadilisha mawazo? Na nikioa au kuolewa baadaye?

Badilisha saa yoyote ukiwa na akili timamu, lakini marekebisho nayo yawekwe sahihi na mashahidi vile vile, usikate jina kwa kalamu halafu ukarudisha kwa droo. Ukiandika mpya, weka tarehe na useme wazi unafuta zile za awali zote.

Ndoa yenyewe inafuta wosia uliokuwepo, isipokuwa kama wosia uliandikwa ukiitazamia ile ndoa na mtu fulani aliyetajwa. Wengi hawajui hii. Mjane aliyeandika vizuri kabisa kwa watoto wake, akaoa tena, akafariki bila kuandika upya, ni kama hakuandika kitu.

Niuweke wapi, na niwaambie watoto?

Kwa wakili, benki, au kwa mtu unayemwamini, na msimamizi ajue ni wapi. Kama wosia ulikuwa nyumbani kwako na haupatikani ukishakufa, korti inaweza kuchukulia uliuharibu makusudi.

Kuhusu kuwaambia, sheria haikulazimishi lakini maoni yangu ni waambie, angalau waambie upo na uko wapi. Wosia unaotolewa mfukoni na mtu mmoja siku ya tatu baada ya mazishi unashukiwa hata kama ni halali, na anayeutoa anashukiwa zaidi. Mtoto akisikia kwa mdomo wa baba mwenyewe kwamba hapati ile ploti ya barabarani atakasirika, lakini ana mtu wa kumuuliza kwa nini.

## Trasti ya familia

Hii trasti ya familia ilianza lini, na inafaa nani?

Trasti zilikuwepo kitambo, lakini ile sheria ya wadhamini wa kudumu, Sura ya 164, ilirekebishwa mwaka 2021 ikaitambua trasti ya familia waziwazi, yaani mtu mmoja au zaidi wanaweza kusajili trasti kwa ajili ya kupanga mali yao wenyewe, na ikishasajiliwa inakuwa na uhai wake kisheria usiokatika mtu akifa.

Inafaa kama kuna mali ambayo haifai kukatwa vipande: nyumba za kupangisha, hisa za kampuni ya familia, shamba la chai ambalo likigawanywa mara nane hakuna anayepata kitu cha maana. Inafaa pia kama kuna mtu wa kutunzwa muda mrefu. Kwa mwenye nyumba moja anayoishi na watoto wazima wanaoelewana, wosia unatosha, usikubali kuuziwa trasti kwa sababu tu jina lake linasikika kubwa.

Nimeshaandika hati ya trasti na kusajili. Nimemaliza?

Hujamaliza, na hapa ndio nataka usome polepole. Hati ya trasti inaeleza mpango, lakini mali inaingia kwa trasti pale tu hati za mali zenyewe zinapobadilika jina. Kama shamba bado linasoma jina lako kwa ofisi ya ardhi, hisa bado ziko kwa jina lako kwa msajili wa kampuni, na akaunti ya benki ni yako, basi ukifa vitu hivyo vyote vinaenda kortini kama mali ya marehemu wa kawaida na ile trasti imebaki gunia tupu lenye jina zuri.

Kwa hivyo andika orodha. Kila mali, hati yake iko wapi, inasoma jina gani leo, na nani anashughulikia kuihamisha. Shamba la kilimo linaweza kuhitaji idhini ya bodi ya ardhi, nyumba mnayoishi inahitaji mwenzako wa ndoa akubali, shamba lenye mkopo linahitaji benki ikubali. Inachukua miezi. Halafu bado andika wosia mfupi wa kuchukua chochote kilichosahaulika, useme kiingie kwa trasti.

Wadhamini wakikula mali?

Wanaweza kupelekwa kortini, watoe hesabu, waondolewe, walipe walichoharibu. Lakini usifikirie kwamba kwa sababu mali iko kwa trasti basi kesi haziwezi kuja. Njenga Karume, mfanyabiashara na waziri wa zamani aliyefariki Februari 2012, aliacha mali yake chini ya trasti yenye wadhamini, na bado watoto kadhaa na wadhamini walifikishana kortini juu ya vile mali ilikuwa inaendeshwa.

Ukiandika hati, jiulize haya: nani anakagua hesabu na kila baada ya muda gani, wadhamini wanalipwa kiasi gani, mmoja akifa nani anachagua mwingine, wanafamilia wana haki ya kuona nini, na mtoto akitaka karo kesho anaomba vipi na anajibiwa lini. Hati nyingi zinaandika kwa urefu nguvu za wadhamini na mstari mmoja tu juu ya wajibu wao. Ikatae hiyo. Changanya mtu wa familia na mtu wa nje, na usiweke wote kutoka upande mmoja wa boma.

Na watoto wangu wadogo, au mtoto mwenye ulemavu?

Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kushika urithi mwenyewe, unashikwa kwa niaba yake, na korti inataka wasimamizi wasiopungua wawili kwa mirathi ya namna hiyo. Kwa wosia unaweza pia kumteua mlezi atakayekaa nao, Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu. Ushauri wangu ni mlezi na mshika pesa wasiwe mtu mmoja, shangazi mwenye upendo akae na watoto na mwingine ashike daftari.

Sheria ikisema 18 haimaanishi wewe lazima useme 18. Kwa trasti unaweza kusema karo inalipwa sasa na mali yenyewe apewe akifika 25. Kwa mtoto ambaye atahitaji kutunzwa maisha yake yote, trasti ndio njia bora kuliko zote, manake ukimwachia kaka yake kila kitu "atamwangalia", kaka anaweza kuoa, kufilisika au kufa kabla yake, na huyo mtoto hana karatasi yoyote inayosema kuna kitu chake. Andika mpaka mambo madogo: dawa, msaidizi wa nyumbani, anakaa wapi.

Kodi je?

Kenya haina kodi ya mirathi, ilifutwa 1982. Marekebisho ya 2021 yalikuja pamoja na nafuu za kodi kwa trasti za familia zilizosajiliwa, lakini sheria za fedha zinaguswa kila mwaka, kwa hivyo kabla hujahamisha kitu uliza mtu wa kodi mambo yalivyo mwaka huo huo. Kodi isiwe sababu yako pekee ya kufungua trasti.

Naeza kuficha mali kwa trasti wanaonidai wasiipate?

Hapana. Ukihamisha mali ukijua una deni ili anayekudai akose, korti inaweza kuirudisha. Na ukimfanyia hivyo mke ndani ya ndoa, atakuja na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 mkononi.

## Mali ambazo wosia wako hauzigusi

Shamba tunalolima bado liko kwa jina la babu. Naeza kuligawa kwa wosia?

Huwezi kugawa kisicho chako, hata kama umelilima tangu uwe mtoto na baba yako amezikwa hapo. Kwanza mirathi ya babu ifunguliwe, kisha pengine ya baba, halafu ndio ujue sehemu yako na uipeleke unapotaka. Ndio hali ya familia nyingi sana mashambani, vizazi viwili au vitatu viko juu ya hati moja ya mtu aliyekufa kabla ya wengine kuzaliwa.

Fungueni hiyo mirathi mkiwa bado mna wazee wanaokumbuka. Shangazi yenu anayejua babu alikuwa na watoto wangapi na nani alinunua kile kipande cha mtoni ndiye shahidi wenu mkuu, na anazeeka. Na shangazi huyo naye ana haki yake kwenye hilo shamba, msimwite tu kuja kueleza historia halafu mumwache nje ya orodha, granti iliyopatikana kwa kuficha warithi inaweza kufutwa hata miaka mingi baadaye.

Pesa za sacco, pensheni na bima?

Zinafuata fomu uliyojaza, si wosia. Mtu uliyemwandika pale ndiye wanamlipa, na kwa kawaida hiyo pesa haihesabiwi kwenye mali ya mirathi. Sasa fikiria ulijaza ukiwa na miaka 23 unaanza kazi, ukaandika mama au rafiki wa kike wa wakati huo. Nenda ukaangalie wiki hii. Ni kazi ya nusu saa na haihitaji wakili.

Ploti tuliyonunua na mke wangu?

Inategemea hati inasema mnamiliki namna gani. Kama ni umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa yote inaenda kwa aliyebaki na wosia hauigusi. Kama ni kwa hisa, nusu kwa nusu kwa mfano, hisa yako unaweza kuiachia umtakaye.

## Baada ya kifo

Tunaanzia wapi, na inachukua muda gani?

Cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayotaja wanaotegemea marehemu, kisha orodha ya mali na ombi kortini, liwe na wosia au bila. Mahakama ya hakimu inashughulikia mali mpaka shilingi milioni 20 kulingana na ngazi ya hakimu, juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Tangazo linawekwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kuna siku 30 za mtu kupinga. Granti ikitoka, mnangoja miezi 6 kabla ya kuithibitisha, isipokuwa korti iwaharakishie kwa sababu nzuri. Ile granti ya kwanza haiwaruhusu kugawa mashamba bado, ni baada ya kuthibitishwa ndio majina yanabadilishwa ofisi ya ardhi.

Hiyo ni kama hakuna ugomvi.

Baba mdogo ameanza kuuza vitu hata granti hatuna.

Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai, faini mpaka shilingi 10,000 au kifungo mpaka mwaka mmoja au vyote viwili, na anatakiwa arudishe. Weka kizuizi kwa hati ya shamba pale ofisi ya ardhi haraka, ripoti kwa chifu na polisi, na mwambieni mnunuzi kwa maandishi. Mnunuzi akijua kuna shida mara nyingi anarudi nyuma mwenyewe.

## Hali za kipekee

Sisi ni Waislamu, haya yanatuhusu?

Kwa ugawaji, hapana, mnafuata sheria ya Kiislamu na kesi inaweza kwenda kwa Kadhi kama pande zote ni Waislamu na zimekubali. Wosia unaruhusiwa mpaka theluthi moja ya mali baada ya madeni na mazishi, na haumpi mrithi mwenye fungu lake tayari, ila warithi wengine wakiridhia. Mke, kama marehemu ameacha watoto, ana thumni, yaani sehemu moja kwa nane, bila watoto ni robo.

Anayetaka kitu kinachofanana na trasti ana wakf, yaani mali inayofungwa isiuzwe na faida yake iende kwa waliotajwa, na hii pwani inajulikana zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya Bakhshuwen ilitoka Mombasa mpaka Privy Council London, korti ya mwisho ya rufaa wakati wa ukoloni, na wakf ya kifamilia ikakataliwa, lakini Sheria ya Tume ya Wakf ya 1951 ikaitambua wakf kwa ajili ya watoto na vizazi. Hiba, yaani zawadi ya ukiwa hai, pia ipo, ila lazima ukabidhi kweli kweli, si kwa maneno tu. Kaa na mtu mwenye elimu ya mirathi kabla ya kuandika.

Baba ana wake wawili. Bila wosia inagawanywa nusu kwa nusu?

Hapana, inahesabiwa kwa vichwa vya kila nyumba. Nyumba ya kwanza mama na watoto 5 ni sita, ya pili mama na watoto 2 ni tatu, jumla tisa. Basi nyumba ya kwanza inapata sehemu 6 kwa 9 na ya pili 3 kwa 9. Na hata kama baba alifunga ndoa ya kanisa na wa kwanza, wa pili aliyeolewa kimila bado anahesabiwa mke kwa mambo ya urithi. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri, alifariki 1981 na kesi ya mali yake ikazunguka kortini zaidi ya miaka 30, swali moja likiwa ni nani hasa walikuwa wake zake. Mzee wa wake wawili akiandika wosia, au trasti mbili, moja kila nyumba, amewapunguzia watu wake mengi.

Naeza kuandika nizikwe wapi?

Andika, lakini halifungi korti jinsi mali inavyofungwa, manake mwili si mali ya mtu kugawa. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake akataka azikwe Ngong kama alivyosema marehemu, ukoo ukataka Siaya, na baada ya miezi mitano kortini ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Hilo jambo lisemwe kwa sauti mbele ya ukoo wote ukiwa hai.

Tukifa ajali moja mimi na mwenzangu?

Kwa watu wa kawaida sheria inachukulia mdogo kwa umri ndiye alikufa mwisho, lakini kwa mume na mke inachukuliwa walikufa pamoja, hakuna anayemrithi mwenzake. Andika mtu wa pili kwa kila zawadi.

Tunaishi Kajiado, kuna tofauti?

Kama hakuna wosia, ndio. Kwa shamba la kilimo na mifugo katika maeneo kama Kajiado, Narok, Samburu, Turkana, Marsabit, Isiolo, Garissa, Wajir, Mandera, Tana River, Lamu na Pokot Magharibi, ugawaji unafuata mila za jamii. Ukiwa na binti unayetaka apate ng'ombe na ardhi, usiachie bahati, andika.

Niko Doha, mali iko Kenya na nyingine huku.

Ardhi ya Kenya inafuata sheria ya Kenya popote unapoishi. Wosia ulioandikwa nje unakubalika kwa umbo lake kama ulifuata sheria ya mahali ulipoandikwa, au ya Kenya. Mali ya huko uliko ina sheria yake, kwa hivyo wengi wanaandika wosia mbili, na hapo chunga sana lile neno la "nafuta wosia zote za awali", juu wosia wa Doha unaweza kufuta ule wa Kenya bila wewe kukusudia. Andika kila mmoja unahusu mali ya nchi gani. Na kama ulikuwa unatuma pesa ndugu akununulie ploti, mwambie akutumie picha ya hati uone jina lililoandikwa.